Nyonga ya bandia bila simenti haijakaa vizuri? Uliza kwanza inabana wapi

Nyonga isiyo na simenti haina gundi. Siku ya oparesheni kinachoishikilia ni mfupa wenyewe ulivyobanwa na chuma, afu wiki zinazofuata mfupa unatakiwa uote uingie kwenye vitundu vya ganda la kile chuma, vya upana wa kama maikroni 100 mpaka 400, au ushike ile tabaka ya hidroksiapataiti (madini yanayofanana na ya mfupa) iliyopakwa juu yake. Hatua ya pili haiji kama ya kwanza imeharibika, manake mfupa hauoti juu ya kitu kinachotikisika. Kazi ya Pilliar na wenzake ya mwaka 1986 ndo mpaka leo tunaisimamia, mtikisiko ukiwa mdogo kama maikroni 28 mfupa unaota, ukifika 150 unapata utando wa nyuzinyuzi tu na utando huo haubebi uzito wa mtu anayetembea. Maikroni 150 ni milimita 0.15, jicho linaona hicho kwa shida na mkono hausikii, kwa hiyo unachofanya thieta ni kusoma dalili za nje ili ujue ndani kunaendaje.

Na kosa kubwa ninaloliona kwa wadogo zangu mnaoanza kuzifanya hizi ni kuuliza "imebana?" halafu mkipata jibu la ndiyo mnafunga. Kubana peke yake hakutoshi. Mpini wa jembe unaweza kubana kwenye ncha tu huku juu unacheza, ukiutikisa unaona mgumu, ukilima asubuhi moja unachomoka. Stemu (kile chuma kirefu kinachoingia ndani ya mfupa wa paja) nayo ni hivohivo, inaweza kukwama kwa ncha katikati ya paja na wewe ukadhani umeshafika, kumbe juu kwenye metafisi (sehemu pana ya juu ya mfupa wa paja) ambako ulitaka ishike haijagusa kitu. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naipitia kwa swali hilohilo, inabana wapi na ilitakiwa ibane wapi.

Kabla ya kulaumu vyuma angalia picha

Nusu ya matatizo ya thieta yalikuwepo kwenye eksirei na hakuna aliyeyaangalia. Picha ya nyonga inakuza vitu, mara nyingi asilimia 15 mpaka 20, na inabadilika kwa mtu mnene na mwembamba, ndo maana tunaweka kile kimpira cha chuma chenye kipenyo kinachojulikana usawa wa trokanta kubwa (kile kinundu cha mfupa juu ya paja upande wa nje). Kikiwekwa juu ya kitanda au juu ya tumbo kipimo chote ni uongo. Kingine, mguu ukipigwa picha umegeukia nje (na wagonjwa wengi wa nyonga iliyochakaa mguu wao umegeukia nje kwa sababu ya maumivu) shingo inaonekana fupi, ofseti (umbali kutoka katikati ya kichwa cha paja mpaka mstari wa paja) inaonekana ndogo, na umbo la mfereji wa ndani ya mfupa wa paja halionekani lilivyo kweli. Mguu ugeuzwe ndani digrii 15 hivi. Kama haugeuki kwa sababu nyonga imekakamaa, pima upande wa pili ulio mzima.

Halafu tazama umbo la paja. Dorr mwaka 1993 alizigawa A, B na C, na huu mgawanyo utakuokoa kuliko kifaa chochote. A ni paja lenye kuta nene na mfereji mwembamba chini, juu pana chini pembamba kama faneli. C ni bomba tupu, kuta nyembamba, upana juu na chini karibu sawa. B yuko katikati na ndo wengi. Noble na wenzake mwaka 1988 waliweka namba, upana wa mfereji milimita 20 juu ya trokanta ndogo (kinundu kidogo cha upande wa ndani, chini ya shingo) ugawanye kwa upana wa pale pembamba zaidi, ukipata zaidi ya 4.7 una faneli, chini ya 3 una bomba. Kila mmoja ana ugonjwa wake, A inakukwamisha chini, C inakuzamisha na kupasuka. Ukijua una nani mezani, dalili nyingi za huko mbele hazikushtui.

Upande wa kikombe: kinagoma kuingia mpaka chini

Unagonga kikombe (kile chuma kinachokaa kwenye asetabulamu, yaani tundu la nyonga), sauti imeshakuwa nzito, ukichungulia kwenye tundu la skrubu na saksheni karibu unaona nafasi kati ya chuma na sakafu ya asetabulamu. Hapa kinabana ukingoni, na ukingoni ndo tunataka, ila kimebana mapema mno.

Sababu ya kwanza ni tofauti kati ya rima (kisagio cha kuchonga tundu) ya mwisho na kikombe. Kawaida tunachonga pungufu milimita 1, kwa mfupa laini 2. Sasa soma mwongozo wa kikombe unachotumia maana vingine sio nusu duara kamili, vimepanuliwa ukingoni, kilichoandikwa 54 ukingo wake ni mkubwa kuliko 54, na kampuni yenyewe imeshakuwekea ule upungufu ndani yake. Ukichonga pungufu tena 2 juu ya hapo umejitafutia ufa. Nimeona watu wamehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine na wakahama na mazoea yao, hapo ndo tabu inaanza.

Sababu nyingine, mfupa mgumu uliokomaa kama jiwe kwa mtu mwenye ugonjwa wa miaka mingi. Huo hautanuki. Kwa huyo milimita 1 inatosha kabisa na kuna wakati unachonga sawa kwa sawa. Halafu kuna nyama iliyobaki ukingoni, labramu (ukingo laini wa tundu) na kapsuli (mfuko wa kiungo), inaingia kati ya chuma na mfupa na unagonga nyama. Na kuna ile ya mfupa wa ziada uliofunika sakafu, unarima unadhani umefika chini kumbe sakafu ya kweli iko milimita kadhaa ndani, angalia kama umeiona ile nyama ya fosa (shimo la katikati ya asetabulamu), hujaiona basi hujafika. Mwisho ni pembe, ulirima kwa mwelekeo mmoja na unagongea kikombe kwa mwelekeo mwingine, kinashika upande mmoja tu.

Dawa sio nyundo. Toa kikombe, safisha ukingo, rudisha rima ileile ya mwisho na uipitishe ukingoni tu kwa mkono mwepesi, kama una rima za nusu milimita ndo wakati wake. Kikiingia ukabaki na nafasi ndogo kule juu kwenye kuba, milimita 1 au zaidi kidogo, na ukingo umeshika pande zote, kiache, nafasi ya namna hiyo mara nyingi mfupa unaijaza wenyewe. Mimi naogopa zaidi kikombe kilichofika chini kabisa na ukingo uko huru kuliko kilichobaki juu kidogo na ukingo umekaza.

Kama uligonga kwa nguvu nyingi halafu ghafla kikaingia kwa urahisi, usishangilie. Hiyo ni dalili ya asetabulamu kupasuka, na ufa wake unajificha ukuta wa nyuma. Toa, angalia, bonyeza safu ya nyuma uone kama inacheza. Ufa mdogo usiosogea unaweza kuutuliza kwa kikombe chenye matundu mengi na skrubu, safu ya nyuma ikicheza inahitaji bamba kwanza kabla ya kikombe.

Kikombe kimeingia kirahisi na kinazunguka

Hapa hakibani popote au kinabana sehemu mbili tu. Mara nyingi tundu limekuwa la yai, mkono ulikuwa unayumba wakati wa kurima au ulianza kwa rima butu ambayo haikati, inasaga na kuhama, na mfupa laini unaliwa upande wa mbele au wa juu. Rima zina umri, muulize sista wa thieta mara ya mwisho zimebadilishwa lini.

Kabla ya kufungua kikombe chenyewe weka cha majaribio, shika mpini usukume juu na chini, kinachotakiwa ni nyonga nzima ya mgonjwa isogee na mkono wako. Kikizunguka ndani una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda saizi moja, ila tazama kuta kwanza, ukuta wa mbele na wa nyuma ukiwa umeshakuwa mwembamba usiendelee kurima ukitafuta kubana maana utamaliza mfupa wenyewe. Ya pili ni skrubu. Wasielewski na wenzake walichora ramani mwaka 1990, gawa asetabulamu vipande vinne, nyuma-juu na nyuma-chini ndo salama, mbele-juu kuna mishipa mikubwa ya iliaki ya nje na mbele-chini kuna mishipa na neva ya obturata. Skrubu mbili nyuma-juu zinatuliza kikombe kilichoshika wastani. Kikombe ambacho ukingo wake haujagusa mfupa hazikiokoi, zitakishikilia miezi halafu zitavunjika au zitalegea nacho.

Kwa mgonjwa ambaye tundu lake halikukomaa tangu utotoni ukingo wa juu-nje haupo, utaona sehemu ya kikombe iko hewani. Sehemu ndogo isiyofunikwa inavumilika kama mbele na nyuma pamekaza. Ikiwa kubwa sogeza ndani zaidi au jenga kwa kichwa cha paja cha mgonjwa mwenyewe ulichokikata, usikitupe mapema.

Kimekaza, ila kwa pembe mbaya. Hii ifupi: angalia pembe kabla ya pigo la mwisho, sio baada. Lewinnek mwaka 1978 alitaja digrii 40 za mlalo na 15 za kuelekea mbele, kila moja na nafasi ya 10 juu na chini, na ligamenti ile ya chini inayopita kwenye pengo la asetabulamu inakuongoza vizuri kuliko kukisia kwa macho. Ukikichomoa na kukirudisha kila mara unapunguza mshiko.

Na laina (kile kikombe cha ndani cha plastiki au seramiki) haiingii. Ukishahakikisha hakuna nyama wala damu iliyoganda kwenye mdomo wa kikombe, fikiria kwamba kikombe chenyewe kimebonyea. Ganda jembamba la titaniamu likigongewa kwenye tundu dogo la mfupa mgumu linakuwa la yai kidogo, laina ya plastiki inaweza kulazimika kuingia ila seramiki hailazimishwi, itakaa upande na itakuja kumeguka ndani ya mtu. Ukiona laina ya seramiki imeinama hata kidogo itoe. Ikigoma tena, tatizo lilikuwa kule kwenye rima.

Upande wa paja: brochi imegoma ikiwa bado juu

Hapa ndo penye mambo. Ulipima saizi 12 kwenye picha, sasa umeshika brochi (chuma chenye meno cha kutengeneza nafasi ya stemu) ya 9 na imegoma, haishuki. Watu wengi wanakubali, wanasema basi ni 9. Usikubali haraka.

Uliza inabana wapi. Kama paja ni A kuna uwezekano mkubwa ncha imekwama kwenye kuta nene huko chini. Dalili yake ni kwamba brochi imekaza lakini ukichungulia juu unaona mfupa wa sponji mwingi umebaki pembeni yake, hasa upande wa ndani kwenye kalka (mfupa mgumu wa ndani chini ya shingo) na upande wa nje, na ukiizungusha kwa mpini inatingishika juu huku chini imeshika. Ukiweka stemu hapo itashika kwa ncha, uzito wote utashuka kupitia ncha, mgonjwa atalalamika katikati ya paja na juu mfupa utakonda kwa kukosa kazi. Dawa ni kufungua mfereji chini kwa rima nyembamba inayonyumbulika mpaka ncha iwe huru halafu urudi na brochi, au uchague stemu fupi au yenye ncha iliyopunguzwa. Kama mfumo wako ni wa brochi tupu usio na rima, mpango huu ufanywe siku ya kupima picha, sio hapo mgonjwa akiwa wazi.

Sababu ya pili, na hii ni ya kila siku, brochi imeingia kwa kuinama. Imeanzia ndani mno, ncha inaelekea nje na inagusa ukuta wa nje wa paja, tunaita varasi. Inagoma kwa sababu inagonga ukuta, kwa hiyo unaishia na stemu ndogo iliyolala. Ukitazama mpini wa brochi kwa juu unaona umelalia upande wa tumbo badala ya kufuata mstari wa paja. Chanzo chake ni trokanta kubwa kukuzuia, hukuondoa mfupa wa kutosha kwenye ile kona ya nje-nyuma. Rudi na patasi ya boksi, chukua kipande cha shingo kilichobaki upande wa nje, kwangua ndani ya trokanta mpaka brochi ndogo kabisa iingie sambamba na paja bila kulazimishwa. Shingo iliyokatwa juu mno nayo inasukuma stemu kwenye varasi, pima upya umbali kutoka trokanta ndogo. Nikishanyoosha njia hivi saizi zinapanda mbili tatu zenyewe, na mara nyingi zinafika palepale picha iliposema.

Kanuni yangu ni kwamba tofauti ya saizi moja kati ya picha na thieta ni kawaida, zikiwa mbili nasimama na kupiga eksirei hapohapo brochi ikiwa ndani. Dakika tano za picha, basi.

Brochi inashuka tu, haisimami

Kinyume chake. Kila pigo inashuka, sauti haibadiliki. Sikiliza nyundo kwa makini maana ndo kipimo cha bure tulichonacho, mwanzoni sauti ni butu na brochi inatembea, inapofika mwisho sauti inapanda inakuwa kali ya chuma na brochi inasimama, pigo moja la ziada haliisogezi. Isipopanda, ama saizi ndogo, ama mfupa ni C, ama kuna ufa.

Ufa uangalie kwanza. Panguza damu kwenye kalka, weka gozi kavu, subiri, kama kuna ufa utaona mstari mwembamba unaotoa damu na vitone vya mafuta ya uboho. Fuata mstari huo kwa macho mpaka mwisho wake, usiishie pale kapsuli ilipokuzuia, fungua zaidi. Kama hakuna ufa panda saizi, na kama umefika saizi kubwa ambayo picha haikuitaja na bado inashuka basi mfupa huu hauwezi kushika, na hapo mtu mzima anabadilisha mpango. Simenti iwe imeshawekwa tayari nje ya mlango kwa kila mgonjwa wa namna hii. Sajili za taifa za nchi kama Uswidi, Uingereza na Australia zinaonyesha kitu kilekile kwa wazee, hasa akina mama wenye mifupa iliyokonda, paja linapasuka mapema zaidi na stemu isiyo na simenti kuliko yenye simenti. Kwa mama wa miaka 80 mwenye paja la bomba mimi sioni aibu yoyote kutumia simenti, naona aibu kumrudisha thieta wiki ya pili.

Usiridhike na kushuka pekee, jaribu na kuzunguka. Brochi ya mwisho ikiwa ndani geuza mpini kwa nguvu ya wastani ukitazama mstari kati ya chuma na mfupa, goti na brochi zitembee kama kitu kimoja. Brochi ikianza safari kabla ya goti, haijashika juu. Mgonjwa akiinuka kwenye kiti au akipanda ngazi stemu inasukumwa kugeukia nyuma, kwa hiyo mzunguko ndo mtihani wa kweli wa siku za mwanzo.

Brochi ilikaa vizuri, stemu imebaki juu

Ulijaribu kila kitu, urefu sawa, nyonga haitoki, umefungua stemu ya saizi ileile, imebaki milimita 5 juu ya pale brochi ilipokuwa. Hiyo ni milimita 5 za mguu kurefuka.

Kwanza ujue stemu nyingi zimetengenezwa nene kidogo kuliko brochi yake kwa sababu ya lile ganda, ndo linaleta mbano, kwa hiyo milimita 1 au 2 juu ni kawaida kwa mifumo mingi na daktari anayeijua anaizamisha brochi kidogo zaidi makusudi. Zaidi ya hapo kuna sababu. Pengine brochi haikufika mwisho kweli, ulisimama sauti haijapanda. Pengine wakati wa kujaribu mguu ulizungushwa, vipande vya mfupa vikaingia mferejini. Pengine stemu inaingia kwa mzunguko tofauti na brochi, hii inatokea sana, brochi ilikuwa digrii 15 mbele na mkono umeanza stemu kwenye 25, kingo zake zinachimba njia mpya. Ingiza kwa mkono kwanza bila nyundo, ikibaki sentimita 1 mpaka 2 juu uko salama kuendelea, ikibaki mbali sana juu itoe kabla hujaigonga, sasa hivi inatoka, baadaye haitoki.

Kisha mapigo mafupi, yanayolingana, na ukiona imesimama pumzika. Kweli, pumzika, kama dakika moja hivi. Mfupa unalegea taratibu ukibanwa, baada ya kusubiri stemu inashuka kwa pigo la kawaida ambalo mwanzo halikufanya kitu. Anayeongeza nguvu badala ya muda ndo anayepasua kalka. Na kama imegoma kabisa milimita 3 juu na imekaza pande zote, iache hapo na rekebisha urefu kwa kichwa chenye shingo fupi. Ila kichwa kifupi ni cha kurekebisha urefu, hakirekebishi stemu inayocheza.

Stemu imezama chini ya brochi

Hii nisomee taratibu, maana ndo inayofichwa zaidi. Stemu nene kuliko brochi haiwezi kwenda chini kuliko brochi bila sababu. Ama brochi ilikuwa ndogo na haikusimama, ama mfupa umefunguka. Mpaka uthibitishe vingine, ni ufa.

Toa stemu. Najua inauma kuitoa baada ya kukaa, toa. Ufa ulioishia juu ya trokanta ndogo funga waya moja au mbili juu ya trokanta hiyo, kaza, angalia mdomo wa ufa unafunga, halafu rudisha stemu taratibu, waya ikikazwa na stemu ikiwa bado ndani unabana chuma bila kufunga mfupa. Ikikaa imara na mzunguko hauichezeshi mgonjwa anaendelea vizuri, wengine unawapa magongo na uzito mdogo wiki 6. Ufa ukipita chini ya trokanta ndogo hiyo stemu haikufai tena, unahitaji ndefu inayoshika chini na kupita mwisho wa ufa angalau kwa upana wa paja mara mbili, pamoja na waya. Ukiacha ufa bila kufunga "kwa sababu mdogo", pigo linalofuata ni la mgonjwa mwenyewe anapokanyaga chini.

Stemu zenye kola zinasaidia hapa, kola ikikaa juu ya kalka inapunguza kuzama siku za mwanzo na hata paja kupasuka mapema. Kola isiwe sababu ya kuweka saizi ndogo lakini, stemu ndogo inayoning'inia kwenye kola bado ni stemu ndogo.

Mgonjwa ameshaenda nyumbani, sasa analalamika

Picha ya siku ya kwanza ndo mizani yako yote, iwe nzuri, kwa sababu kila kitu utakilinganisha nayo. Pima kutoka ncha ya trokanta kubwa mpaka bega la stemu, rudia wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kuzama milimita 1 au 2 wiki za kwanza halafu kusimama ni jambo la kawaida, stemu imejitafutia makazi. Inayoendelea kuzama kila picha, au iliyozama milimita 5 na kugeuka, hiyo haikushika tangu mwanzo.

Maumivu yana lugha yake. Ya kinena akiinua mguu fikiria kikombe, au ukingo wake wa mbele unasugua msuli wa iliosoasi. Ya katikati ya paja hatua chache za kwanza anapoinuka kitini, yakipungua akishatembea, hayo ni ya stemu inayocheza. Ya paja ya kuchosha anapotembea sana na picha ni tulivu, mara nyingi ncha imekaza kwenye paja gumu, titaniamu ina ugumu wa kama gigapaskali 110 na mfupa wa nje 15 mpaka 20, kobalti-kromu ni karibu mara mbili ya titaniamu, kwa hiyo pale ncha inapoishia mfupa unapinda na chuma hakipindi. Ya aina hii mengi yanatulia ndani ya mwaka mmoja au miwili, mwambie mgonjwa hivyo waziwazi na usikimbilie kisu.

Kwenye picha tafuta alama alizoeleza Engh na wenzake mwaka 1990. Vidaraja vya mfupa mpya vinavyoshika ganda la stemu pale ganda linapoishia, na kutokuwepo mstari mweusi kuzunguka ganda, mfupa umeota. Mistari sambamba ya mfupa mgumu pembeni ya stemu bila kusogea, ni utando umeshika, wengi wanaishi nao bila shida. Stemu imehama, kuna kitako cha mfupa chini ya ncha na mistari inapanuka, hiyo imelegea na haitashika tena. Kalka kukonda na kuviringika yenyewe isikutishe, ina maana uzito unapita kwenye stemu iliyoshika.

Kabla hujasema "imelegea" na kupanga marudio, toa maambukizi kwenye orodha. Vipimo vya damu vya CRP na ESR (vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) kwanza, vikiwa juu au maumivu hayaeleweki choma sindano kwenye nyonga ukatoe maji yapelekwe maabara, na mgonjwa awe hajapewa antibiotiki angalau wiki 2 kabla. Nyonga yenye vijidudu inalegea na picha yake inafanana kabisa na ya stemu ndogo, na ukiirudia kwa kuweka stemu kubwa zaidi utakuwa umebana chuma kipya kwenye mfupa uleule mgonjwa.